Boti ilikuwa imelala mchangani dada alipopata uchungu

Shemeji yangu si mtu wa kupiga simu usiku. Aliponipigia saa nane na dakika kumi, nilikaa kitako kitandani kabla hata ya kupokea. Dada alikuwa na mimba ya wiki 38, mimba yake ya tatu, na uchungu ulikuwa umemwanza tangu magharibi. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Nesi wa zahanati alikuwa ameshaandika rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya, ng'ambo ya bahari. Shemeji alikuwa anatafuta namba ya mtu yeyote mwenye boti.

"Si mna boti ya wagonjwa?" nikamuuliza.

"Ipo, imelala mchangani. Inaingiza maji."

Dada aliolewa kwenye kisiwa kimoja cha kusini mwa pwani yetu. Jina la kisiwa nalihifadhi, kwa sababu watu walionisaidia kuielewa habari hii bado wanafanya kazi palepale. Mimi naishi Dar es Salaam na kazi yangu ni kuandika habari za afya. Boti ile niliijua kuliko shemeji alivyodhani. Nilikuwepo siku inakabidhiwa. Ilikuwa moja ya kazi zangu za mwanzo nikitoka chuo. Niliandika habari ya maneno 400, nikaweka picha ya utepe ukikatwa, nikataja kwamba mgonjwa atavushwa kwa dakika 50. Sikuuliza nani ataitunza. Kusema kweli halikunijia kabisa kichwani, maana nilichojua mimi ni kwamba alumini haishiki kutu.

Julai ni mwezi wa kusi, na kusi halina huruma na dau. Walilipata la wavuvi, lenye mashine ya kufunga nyuma, wakatandika godoro juu ya nyavu. Shemeji alimshika dada mabega, nesi akakaa miguuni na tochi ya simu. Walitumia saa tatu na dakika arobaini. Mimi nilikuwa Mbagala, nikipiga simu ambayo haipatikani.

Mtoto alitolewa kwa upasuaji alfajiri. Hakulia. Wakunga walimpulizia hewa kwa barakoa na mfuko, na dada anasema alikuwa anahesabu mbao za dari mpaka aliposikia sauti.

Leo ana mwaka mmoja na miezi minne. Alichelewa kukaa, amechelewa kusimama, na kila mwezi dada anampeleka kwenye mazoezi ya viungo. Watu hutaka niseme kwamba ni boti iliyomfanya hivyo. Siwezi kusema. Hakuna daktari aliyetuambia hivyo, na mtoto anaweza kuchelewa kwa sababu nyingi. Ninachoweza kukieleza kwa uhakika ni kilichoipata boti, kwa sababu hicho nilikifuatilia mpaka mwisho.

Dada aliporudi kisiwani nilivuka kwenda kumhudumia. Boti ilikuwa chini ya minazi, hatua mia hivi kutoka zahanati, imeinamia upande mmoja. Juu ilikuwa nyeupe na buluu, safi kama imetoka dukani jana. Chini ilikuwa nyekundu. Upande wa nyuma, karibu na inapofungwa mashine, rangi ilikuwa imevimba kama ngozi iliyoungua. Nilipobonyeza kwa kidole, uvimbe ulipasuka ukatoa unga mweupe, na chini yake kulikuwa na tundu la kuingia punje ya mtama. Nilihesabu matundu hadi kumi na tisa, nikaacha. Karibu yote yalijipanga kandokando ya mshono mmoja.

Kila mtu kisiwani alikuwa na maelezo yake. Mmoja alisema ni bati la bei rahisi. Mwingine alisema boti imechoka, kana kwamba miaka mitatu ni uzee. Mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu alisema boti iliyokabidhiwa kwa ngoma nyingi haikosi jicho baya. Ofisi iliyohusika na boti iliniambia kwa simu kwamba fedha za matengenezo hazijatoka. Nikaichukua hiyo ya fedha, kwa sababu ndiyo tunayoizoea sisi waandishi, nikaanza kuandika.

Kabla sijaituma habari, nikamtumia mjomba picha kwa WhatsApp. Mjomba wangu, mdogo wake mama, amechomelea boti za alumini kwa zaidi ya miaka ishirini katika karakana ndogo upande wa Kigamboni. Alinijibu kwa sauti: "Mama, mshono ukoje?"

Nikamjibu kwamba unapona vizuri, hauna usaha, na dada ameshaanza kutembea hadi kisimani.

Akakaa kimya kidogo, halafu nikamsikia anacheka. "Alhamdulillahi. Lakini nakuuliza mshono wa boti. Sogeza simu karibu. Halafu nipigie picha zinki."

Zinki gani? Nikamwambia sioni zinki yoyote. Akanielekeza: nyuma, chini ya mstari wa maji, tafuta vipande viwili vya chuma kama sabuni ya mche iliyokatwa, vimefungwa kwa bolti. Nikaviona. Vilikuwa vimepakwa rangi nyekundu vizuri kabisa, kona zake bado kali. Nikampigia picha nikamwandikia, nikiwa na furaha ya kumpa habari njema, kwamba zinki ni nzima, hazijaguswa.

Akaandika: "Basi ndiyo zilizoiua."

Niliporudi Dar nilikwenda kwake Jumapili. Nilimwamkia, nikakaribishwa chai, na kabla sijaimaliza alikuwa ameshaingia jikoni akatoka na sufuria. Ilikuwa sufuria ya alumini ambayo mke wake huloweka papa mkavu usiku kucha ili chumvi itoke. Akaigeuza kwenye mwanga. Ndani, chini, ilikuwa na madoa meupe na vishimo vidogo, vingine vinakaribia kutoboa.

"Alumini ina ngozi," akasema. "Ukiikwaruza, hewa inaifunika papo hapo kwa ngozi mpya."

Ngozi hiyo ni oksidi, na ni nyembamba kiasi kwamba unene wake hupimwa kwa sehemu chache za milioni moja za milimita. Ndiyo inayofanya alumini isiharibike kama chuma cheusi. Maji ya bahari yana chumvi, na ndani ya chumvi mna kloridi, ambayo hutafuta mahali ngozi ilipo dhaifu, ikapenya. Likishapatikana tundu, maji yaliyonasa ndani yake hugeuka kuwa na tindikali na kuendelea kuchimba, huku juu panaonekana padogo. Mimi nilikumbuka vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari nilivyowahi kuviandikia: juu doa, chini shimo.

Naomba nitoke kidogo kwenye boti, maana najua mzazi anayesoma hapa ameshaangalia jikoni kwake. Kupikia kwenye sufuria ya alumini si kosa. Usichotakiwa kufanya ni kulaza humo chakula chenye chumvi nyingi au uchachu, kama maji ya mkwaju, mchuzi wa nyanya au ubuyu, kwa sababu alumini huyeyuka kidogo kidogo na kuingia kwenye chakula. Wataalamu wa pamoja wa Shirika la Afya Duniani na lile la chakula na kilimo waliweka mwaka 2011 kiwango cha miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa wiki kuwa ndicho kisichozidiwa, na mtoto, kwa kuwa ana kilo chache, hukifikia haraka kuliko baba yake. Sufuria za kuyeyushwa mitaani kutokana na vyuma chakavu ni suala jingine, kwa sababu zinaweza kuwa na risasi ndani yake. Hizo mimi nimeziondoa kwangu.

Sasa turudi kwa mjomba. Nilimuuliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza siku ya utepe: kwa nini basi watu wanajenga boti kwa kitu kinacholiwa na chumvi?

Akaniambia nisiichanganye sufuria na boti. Alumini si moja. Ya boti ina namba, na inayopendwa sana baharini ni 5083, yenye magnesiamu kati ya asilimia 4 na 4.9, na shaba ndani yake karibu hakuna. Hiyo inaweza kukaa baharini miaka mingi hata bila rangi. Uzito wake ni kama theluthi moja ya chuma, kwa hiyo mashine ndogo inaikimbiza. Boti za kasi tunazopanda kwenda Zanzibar ni za alumini, na kadhaa zimejengwa Hobart, Tasmania, kule Australia. Kila siku zimo kwenye maji ya chumvi na hazitoboki, kwa sababu kuna mtu anaziangalia chini.

Mahali pa kuangalia kwanza ni mshono. Hapa mjomba hakuharakisha hata kidogo, na mimi nitamfuata.

Ile ngozi inayoilinda alumini ndiyo inayomsumbua mchomeleaji. Alumini tupu huyeyuka kwenye nyuzi 660, ya boti hata chini ya hapo, lakini ngozi yake haiyeyuki mpaka ipite nyuzi 2,000. Usipoiondoa kwanza, utakuwa umeyeyusha uji ndani ya mfuko. Kwa hiyo unafuta mafuta, halafu unasugua kwa brashi ya chuma kisichoshika kutu ambayo haijawahi kugusa chuma cheusi. Mjomba ana brashi mbili zenye mpini wa kijani, na kijana akizitumia kwenye geti la mtu hurudi nyumbani mapema siku hiyo. Chembe za chuma zikibaki kwenye alumini, kila chembe itakuwa mwanzo wa tundu.

Kisha kuna hewa. Mshono wa alumini huchomwa chini ya gesi ya agoni, ili hewa isiuguse ukiwa moto. Upepo ukiipeperusha gesi, mshono unatoka mweusi na una vitundu kama mkate. Unyevu nao una hasara yake, kwa sababu maji hutoa haidrojeni, haidrojeni huingia kwenye alumini iliyoyeyuka, na ikipoa inabaki mapovu. Pwani unyevu haukosi. Waya wa kuchomelea akiuacha wazi usiku mmoja, hautumii tena kwa boti.

Boti yetu ilitoka kiwandani na mishono mizuri. Hilo alilisema baada ya kuzikuza picha kwenye simu. Lakini mwaka wa pili kuna mtu mwenye nia njema aliyeona wagonjwa wanapata shida kupanda. Akaipeleka boti bara ikachomelewa kidato cha nyuma. Fundi alikichoma vipande vipande, inchi mbili hapa, anaruka, inchi mbili pale. Kwa geti inatosha. Kwa bahari, kila palipoachwa wazi pamekuwa mfuko mwembamba ambao maji ya chumvi huingia na hayatoki. Humo hewa inakwisha, na pasipo hewa ngozi haijijengi upya. Matundu kumi na tisa niliyoyahesabu yalikuwa yanafuata kidato kile.

"Hata hivyo," mjomba akasema, "zinki zingefanya kazi, mngekuwa mnavuka mpaka leo."

Kuhusu zinki alitumia limao. Wengi tulifanya shuleni: unachomeka msumari wenye zinki na kipande cha waya wa shaba kwenye limao, unapata umeme kidogo. Metali mbili tofauti, zikigusana ndani ya maji yenye chumvi au uchachu, huwa betri, na katika betri hiyo kuna moja inayoliwa ili nyingine isalimike. Ukiweka alumini na shaba, alumini ndiyo inayoliwa. Ukiweka alumini na chuma, ni hivyohivyo. Ila zinki ni dhaifu kuliko alumini ya boti, kwa hiyo ukizifunga pamoja, bahari inakula zinki na boti inabaki. Ndiyo maana zinki nzuri ni ile iliyoliwa. Zinki inayong'aa na kona kali baada ya miaka mitatu haijafanya kazi hata siku moja.

Ina masharti mawili tu. Iguse maji, na iguse mwili wa boti chuma kwa chuma. Rangi inaharibu sharti la kwanza.

Nani aliipaka? Hilo nilikwenda kuliuliza kisiwani mara ya pili, na jibu halikuwa la kuficha. Mwaka mmoja kabla ya uchungu wa dada, kulikuwa na mgeni rasmi anakuja. Vijana walipewa kazi ya kuipendezesha boti. Juu walipaka rangi ya nyumba. Chini walitumia makopo yaliyobaki kwa kikundi cha wavuvi, rangi nyekundu inayozuia majani na kombe wadogo wasing'ang'anie madau ya mbao. Walipaka kwa bidii, hawakuruka kitu, na zinki nazo wakazipaka ili zisionekane chakavu. Mmoja wao aliniambia bila kuinua macho kwamba aliziona zimeanza kuliwa, akadhani anazisaidia.

Rangi ile nyekundu ina shaba. Ndiyo sumu inayowaua kombe. Kwenye mbao haina neno. Kwenye alumini, kila mahali ilipochubuka kwa kuburuzwa mchangani, shaba na alumini zilikutana kwenye maji ya chumvi, na limao la mjomba likaanza kufanya kazi mchana na usiku. Boti ya alumini ina rangi zake zisizo na shaba, na chini yake hutangulizwa tabaka la epoksi. Wangeiacha bila rangi kabisa, mjomba anasema, ingekuwa na sura mbaya na ingekuwa hai.

Nilifuta ile habari ya fedha. Si kwamba fedha hazikukosekana. Zilikosekana, na barua za nesi za kuomba matengenezo niliziona, nne, zimegongwa mihuri. Lakini bei ya zinki mbili, tulipoiulizia dukani, haikufika hata nusu ya bei ya mafuta ya kuvuka na kurudi. Fedha peke yake haikuwa jibu, na kama ningeandika hivyo, hata fedha zingetoka, wangeipaka rangi tena.

Usiku ule nilisoma kuhusu jambo hili mpaka macho yakauma, na nilipata faraja ndogo kwamba hatukuwa wa kwanza. Mwaka 1824 mwanasayansi wa Uingereza, Humphry Davy, aliwashauri wanamaji wa nchi yake wafunge vipande vya zinki au chuma kwenye mabati ya shaba yaliyofunika meli zao za mbao. Shaba ikaacha kuliwa, kama alivyosema. Tatizo ni kwamba shaba iliyoacha kuyeyuka iliacha pia kuua viumbe, na meli zikaota majani na kombe mpaka zikawa nzito. Na mwaka 2011 Jeshi la Wanamaji la Marekani lilieleza kwamba meli yake ya alumini, USS Independence, iliyokuwa na mwaka mmoja na miezi tu kazini, ilikuwa inaliwa sehemu za mashine, pale alumini inapokutana na chuma. Suluhisho lilikuwa ni kuifungia kinga ya jamii ya hizihizi zinki. Wenye fedha zote za dunia nao walisahau.

Mjomba alikubali kuitengeneza kwa gharama ya vifaa tu. Tulichanga: wavuvi, walimu wa shule ya msingi, sisi ndugu, na ile ofisi nayo, niseme haki, ilitoa usafiri wa kuipeleka boti bara. Kuchomelea ufukweni alikataa kwa sababu ya upepo. Akataka banda lenye kuta, jenereta, na siku tatu za jua. Tulisubiri kusi liishe na kaskazi litulie.

Nilikwenda kuangalia. Alikata kipande chote cha nyuma kwa grinda, hakuziba matundu. Akaweka bati jipya la 5083 na waya unaoendana nalo. Kidato akakirudisha, safari hii kwa mshono usiokatika, umezunguka pande zote mpaka maji hayana pa kuingilia. Watoto wa mtaa walijaa mlangoni kutazama mwanga, na hapo mimi ndiye niliyefanya kazi ya kuwafukuza. Mwanga wa kuchomelea huunguza jicho kama jua linavyounguza ngozi, na mtoto haanzi kulia papo hapo. Anaamka usiku akisema ana mchanga machoni. Mama mmoja alinikasirikia, akadhani namnyanyasa mwanawe.

Ndani ya ngama, pale chini maji yanapokusanyika, mjomba alikuta vipande vitatu vya waya wa shaba, vifupi kama kucha. Aliyefunga taa ya mgonjwa alivikata akaviacha vidondoke. Chini ya kila kimoja kulikuwa na alama ya kuliwa yenye umbo lake hasa. Akanipa nivitunze. Viko kwenye droo yangu kazini.

Zinki mpya alizifunga mwisho, baada ya kusugua mahali pa kukalia mpaka alumini ikang'aa. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye alikuwa ameshashika somo, akaleta wazo: ana ndugu Mwanza anayefunga vipande vya magnesiamu kwenye boti za ziwani, vina nguvu kuliko zinki, kwa nini tusiweke hivyo? Mjomba akakataa. Magnesiamu ni ya maji baridi. Kwenye maji ya chumvi inazidisha, na alumini iliyozidishiwa kinga hugeuka kuliwa kwa njia nyingine, kwa sababu maji yanayoizunguka huwa kama ya magadi. Mama yeyote aliyepika maharage kwa magadi anaijua sufuria ilivyokuwa nyeusi ndani. Mwenyekiti hakuridhika mpaka mjomba alipochukua mita, akaonyesha kwamba boti ikiwa majini na zinki zake inasoma karibu na volti hasi 1, na kwamba hapo panatosha. Nesi akasema, "Kwa hiyo ni dozi." Mjomba akasema ndiyo.

Huyo nesi ndiye aliyemaliza kazi. Zahanati ina friji ya chanjo, na pembeni yake ukutani kuna karatasi ya joto anayojaza asubuhi na jioni, kila siku, tangu alipohamia pale. Alichora karatasi nyingine akaibandika jirani yake. Ina safu nne: tarehe, zinki ya kulia, zinki ya kushoto, aliyeangalia. Hujazwa kila bamvua, maji yanapokupwa sana na boti inakaa kavu. Chini ameandika kwa kalamu nyekundu: USIPAKE RANGI. Aliyepewa kazi ya kuangalia ni yule kijana aliyezipaka.

Boti imeshavusha wajawazito, na mtoto mmoja aliyeumwa na nyoka, na mara mbili imeshindwa kuondoka kwa kukosa mafuta. Hilo la mafuta bado ninaliandikia.

Dada hajataka kupanda boti ile. Anampeleka mwanawe mazoezini kwa dau la abiria, asubuhi, bahari ikiwa shwari. Sijambishia. Mwezi uliopita fundi wa mazoezi alimsimamisha mtoto akashika benchi peke yake, akahesabu hadi kumi na moja kabla hajakaa.

Jumamosi iliyopita nesi alinitumia picha. Zinki ya kulia ilikuwa imeliwa mpaka nusu, imejaa mashimo na unga wa kijivu, mbaya kweli kutazama. Chini yake aliandika kwamba ya kushoto imebaki zaidi kidogo, na kwamba wameagiza mbili. Nikaipeleka kwa mjomba. Alinirudishia ujumbe wa sauti wa sekunde nne, nusu yake ni kelele za grinda, akiuliza kama bolti zimekazwa.